Usiache Vidonge vya Pumu Ghafula

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako yuko mgonjwa wa pumu kali, ambaye daktari amempa vidonge vya prednisoloni. Vimemsaidia: sasa analala usiku, anapanda mlima. Basi anasema, "Nimepona, vidonge hivi vya nini tena?" Ngoja kwanza.

Ni kweli, vidonge hivi vikitumiwa siku nyingi hudhoofisha mifupa na kuzidisha sukari katika damu. Kwa hiyo daktari mwenyewe hupenda kuvipunguza. Lakini huvipunguza kidogo kidogo, maana mwili uliovizoea huacha kujitengenezea dawa yake ya namna hiyo. Ukivikata mara moja, waweza kutapika, kuishiwa nguvu na hata kuzimia. Tena pumu yaweza kurudi kwa ukali.

Iko na hatari nyingine, ya nadra lakini mbaya. Mwaka 1951 Jacob Churg na Lotte Strauss, madaktari wa New York, walieleza habari za wagonjwa 13 wa pumu ambao mishipa yao ya damu ilivimba sehemu nyingi za mwili. Prednisoloni huutuliza ugonjwa huo hata usionekane, kama moto chini ya majivu. Vidonge vikipungua, moto hujitokeza. Kupunguza si kuuwasha. Ulikuwamo tangu zamani.

Tuseme mama mmoja wa Mgeta amepunguziwa vidonge. Baada ya majuma kadhaa mguu unakufa ganzi, anaburuta unyayo njiani. Au anaona madoa mekundu ya zambarau katika ngozi, homa, kukonda, maumivu ya kifua, damu katika mkojo. Wa nyumbani watasema, "Ni baridi ya mlimani," au, "Ni uchovu wa kubeba kabichi." Wasingoje! Ashuke mjini Morogoro, hospitalini, pamoja na vidonge na kadi yake, aseme waziwazi: "Nina pumu, nami nimepunguziwa dawa hii tangu siku fulani."

Daktari atapima mkojo na damu, kutazama kama chembe nyeupe za aina fulani zimezidi. Kwa kuwa minyoo nayo huzizidisha, huenda akapima na choo. Ugonjwa ukijulikana mapema, dawa ipo. Ukichelewa, moyo na mishipa ya fahamu huharibika.

Basi, baba na mama, kupunguza vidonge ni kazi ya daktari. Kumwangalia mgonjwa siku zile ni kazi yenu.