Kiungo Aongoze Mchezo, Asiuhodhi Mpira

Kuna mjadala usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa mpira wa vikapu, nao umekita mizizi katika shule na vyuo vyetu: je, timu inaposhambulia, yafaa mchezaji mmoja aushike mpira karibu muda wote huku wenzake wanne wakingoja aamue? Anayehusika hasa ni yule ambaye vijana humwita pointi gadi. Kazi yake ni kuuvusha mpira kutoka upande wa timu yake, kupanga shambulizi na kuchagua nani apewe, lini na wapi. Katika makala haya nitamwita kiungo, neno ambalo wasomaji wa kurasa za michezo wamekwisha kulizoea katika kandanda.

Nimelichagua neno hilo kwa makusudi. Katika lugha yetu, goti ni kiungo cha mwili na bizari ni kiungo cha mchuzi. Goti huunganisha paja na muundi, mguu ukapata kukunjika na kunyooka, lakini halitembei peke yake. Bizari huupa mchuzi ladha na harufu, lakini hajazaliwa mtu aliyekula bizari tupu akashiba. Kiungo ni kile kinachoviwezesha vingine vifanye kazi yao. Kwa msingi huo, ninashikilia kwamba kiungo wa mpira wa vikapu anapaswa kuuongoza mchezo bila kuuhodhi mpira, na kwamba mwalimu anayemwachia mwanafunzi mmoja auhodhi anawanyima wengine elimu waliyoijia uwanjani.

Wanaoshikilia kinyume wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wao husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Mpira unaopita mikono mingi huporwa kwa urahisi. Heri ukae na yule mwenye mikono myepesi na macho makali. Tena, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, timu ina sekunde 8 za kuuvusha mpira hadi nusu ya wapinzani, na sekunde 24 kwa jumla za kutupa kikapuni. Huo si muda wa kuitisha kikao. Wengine humtaja Magic Johnson, kiungo wa Los Angeles Lakers, ambaye mashambulizi ya timu yake yalianzia mkononi mwake, na ambaye alitwaa nayo ubingwa wa ligi ya NBA ya Marekani mara tano kati ya 1980 na 1988. Ikiwa yeye alifaulu, mbona kijana wetu asifaulu?

Naam, hebu tuifuate hesabu hiyo hiyo ya sekunde. Chukua kiungo aliyeuvusha mpira kwa sekunde 7, kisha akaudunda kwa sekunde 10 zaidi akitafuta mwanya wa kumpenya mlinzi wake. Zimebaki sekunde 7 kwa watu wanne ambao kwa muda huo wote walikuwa wamesimama. Muda huo hutosha pasi moja na mtupo wa pupa. Isitoshe, walinzi wana macho. Wakishatambua kwamba mpira hautoki kwa fulani, hawana haja tena ya kuwalinda watano; humsonga mmoja na kuwaacha wengine na ukiwa wao. Na huyo Magic Johnson alisifika kwa nini, kama si kwa pasi zake, aghalabu za kasi, kabla ulinzi haujajipanga? Aliushika mpira ili autoe. Anayeushika ili abaki nao hawezi kujiita mwanafunzi wa Johnson.

Ushahidi wa miaka ya karibuni nao una mafunzo. Katika msimu wa 2016-17, Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder alipata wastani wa alama 31.6, mipira 10.7 iliyorudi kutoka ubaoni na pasi 10.4 za kufungia, akatawazwa mchezaji bora wa ligi. Hata hivyo, timu yake iliondolewa katika raundi ya kwanza ya mchujo na Houston Rockets, ikishinda mchuano mmoja tu kati ya mitano. Alipokuwa uwanjani, Thunder iliweza kushindana; alipoketi kupumzika, wenzake walionekana kama watu waliopotelewa na ramani. Miaka miwili baadaye, James Harden wa Houston hiyo hiyo alifikisha wastani wa alama 36.1 kwa kila mchuano, lakini timu yake ikakomea raundi ya pili mikononi mwa Golden State Warriors. Hesabu za mtu mmoja zilipaa, kombe halikuja.

Hata Michael Jordan, ambaye hakuwa kiungo kwa cheo lakini ambaye mashambulizi yote ya Chicago Bulls yalimzunguka, hakuepuka somo hilo. Katika msimu wa 1986-87 alifunga wastani wa alama 37.1, na Bulls wakatolewa na Boston katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mchuano mmoja. Phil Jackson alipofanywa kocha mkuu mwaka 1989, alitumia mpango wa pembetatu ulioendelezwa na msaidizi wake Tex Winter, ambao ulimtaka kila mchezaji ausome ulinzi na kuupisha mpira. Ubingwa ulikuja mwaka 1991, na katika mchuano wa mwisho John Paxson alifunga vikapu muhimu katika dakika za kumalizia. Mwaka 1997, katika mchuano wa sita wa fainali dhidi ya Utah Jazz, walinzi walipomvamia Jordan, alimpasia Steve Kerr, naye Kerr akafunga kikapu cha ushindi. Bulls walitwaa ubingwa mara sita kati ya 1991 na 1998. Je, ukubwa wa Jordan ulipungua kwa pasi ile? La hasha! Uliongezeka.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji niingie kidogo katika taaluma yangu, kwani sarufi ya Kiswahili ina mfano unaolifafanua jambo hili kuliko ubao wa kocha. Itazame sentensi hii: Vitabu vile viwili vizuri vimepotea. Ina maneno matano, idadi sawa na wachezaji wa timu moja uwanjani. Nomino ni moja tu, vitabu, nayo imetamkwa mara moja. Lakini tazama jinsi inavyoitawala sentensi nzima: kivumishi kionyeshi, cha idadi, cha sifa na hata kitenzi, vyote vimechukua alama yake. Huu ndio upatanisho wa kisarufi. Nomino haikukaa katika nafasi za wenzake. Imewapa wenzake umbo la kufanyia kazi. Lau ingejirudia mara tano, vitabu vitabu vitabu vitabu vitabu, ingekuwa imeyahodhi maneno yote, na isingesema lolote.

Kuna jambo la pili, na hili lanivutia zaidi. Ikiwa msikilizaji anajua tunazungumzia nini, nomino yaweza kudondoshwa. Sema, Vile viwili vizuri vimepotea, na bado utaeleweka, kwa sababu alama ya nomino imebaki kwa wenzake. Nomino imeketi benchini, nayo sentensi ingali imesimama. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kiungo wa kweli. Usimpime kwa muda anaoshika mpira, wala kwa alama anazofunga peke yake. Mketishe kwa robo moja ya mchuano, kisha utazame kama wanne waliobaki na huyo aliyeingia wanajua la kufanya. Wakijua, basi amewaongoza. Wasipojua, alikuwa amewahodhi.

Viungo wa namna hiyo wapo. John Stockton wa Utah alistaafu mwaka 2003 akiwa ametoa pasi 15,806 za kufungia, nyingi kuliko za mchezaji yeyote katika historia ya NBA. Mpira ulipita kwake kila mara, lakini haukulala kwake. Stephen Curry wa Golden State ameonyesha upande mwingine wa ukweli huo. Katika msimu wa 2013-14 timu yake ilikuwa miongoni mwa zilizopigiana pasi chache zaidi katika ligi. Steve Kerr, yule yule aliyepokea pasi ya Jordan, alipokuja kuwa kocha mwaka 2014, aliufungua mchezo. Curry akawa anautoa mpira, anakimbia, anazunguka nyuma ya wenzake, na walinzi wawili wanamfuata ilhali mikono yake mitupu. Huko nyuma njia imebaki wazi kwa mwingine. Mwaka 2015 Warriors walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1975. Huo ni upatanisho hasa: mchezaji hayuko kwenye mpira, lakini alama yake iko kwenye kila hatua ya wenzake.

Sasa turudi kwetu. NBA ina makocha wanaolipwa mamilioni, nayo inaweza kujitetea. Ninaowahofia ni wanafunzi wa shule zetu za upili. Uwanja ni wa saruji yenye nyufa, mipira ni miwili au mitatu, na wanafunzi wanaotaka kucheza ni arubaini. Mwalimu wa michezo ana muhula mmoja wa kuandaa timu kwa mashindano ya kaunti ndogo. Anamwona kijana mmoja mwenye mikono myepesi, na amri inatolewa: mpeni huyo. Tangu siku hiyo wengine wanne ni wasindikizaji. Wanakimbia kwenda na kurudi, wanainua mikono wakiomba, na baada ya wiki chache hata kuomba wanaacha. Huenda timu ikashinda michuano mitatu, na mwalimu mkuu akapongezwa kwenye gwaride. Lakini kijana yule atamaliza masomo yake aondoke, na atakapoondoka ataondoka na timu nzima, kwa maana waliobaki hawakufundishwa chochote. Yeye mwenyewe pia ameharibiwa, kwani akifika chuoni au katika klabu atakutana na watano walio sawa naye, na hatajua la kufanya asipokuwa na mpira.

Walimu wenzangu wataitambua picha hii hata nje ya uwanja. Mwaka 1975 wanaisimu John Sinclair na Malcolm Coulthard walichapisha nchini Uingereza uchunguzi wao kuhusu mazungumzo ya darasani. Walionyesha kwamba mwalimu huanzisha kwa swali, mwanafunzi hujibu, mwalimu huitathmini jibu, kisha huanzisha tena. Neno humrudia mwalimu kila baada ya jibu moja, kama mpira unaomrudia kiungo kila baada ya pasi moja. Mtaala wetu unaozingatia umilisi unayataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Mambo hayo hayaingii kichwani kwa kunakiliwa daftarini. Mwanafunzi huyapata kwa kupewa zamu ya kusema na zamu ya kuamua, na uwanja wa vikapu ni mojawapo ya mahali pachache shuleni ambapo zamu hiyo huonekana kwa macho.

Nifanye nini basi, atauliza mwalimu wa michezo, na mashindano yako mlangoni? Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha. La kwanza, kila siku ya mazoezi itengwe dakika kumi za kucheza bila kudunda mpira. Hili si jambo geni: James Naismith alipoubuni mchezo huu mwaka 1891 mjini Springfield, Marekani, kanuni zake za kwanza hazikumruhusu mchezaji kukimbia na mpira, alitakiwa kuutupa kutoka pale alipoudakia. La pili, kazi ya kuuvusha mpira izungushwe mazoezini, hata yule mrefu wa chini ya kikapu aionje. Nikola Jokić, aliyeiongoza Denver Nuggets kutwaa ubingwa mwaka 2023, ni mchezaji wa chini ya kikapu, lakini ndiye aliyekuwa akili ya mashambulizi yao. La tatu, mara moja kwa wiki kiungo aketi kando ya mwalimu awatazame wenzake wakicheza, kisha aulizwe ameona nini.

Sisemi kwamba wote wako sawa, wala kwamba mpira ugawanywe kama mkate wa msaada. Ipo saa ambapo hauna budi kutua mkononi mwa mmoja. Mwezi Februari 2021 mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa iliishinda Angola kwa tofauti ya alama moja, kwa mtupo wa Tylor Ongwae wakati mchuano ukiisha, na ushindi huo ukaisaidia kurudi katika mashindano ya Afrika ambayo haikuwa imeshiriki tangu yaandaliwe Nairobi mwaka 1993. Hakuna mwenye busara angedai kwamba pasi moja zaidi ilihitajika. Lakini mtupo wa mwisho hupata thamani kutokana na yale yaliyofanywa na wengi katika dakika zote zilizoutangulia. Timu ambayo wanne wake wamelala huwa haifiki kwenye sekunde hiyo ikiwa nyuma kwa alama moja. Hufika ikiwa nyuma kwa ishirini.

Kwa hiyo, kwa kijana anayejiona hodari wa kudunda mpira, nina neno moja. Wenzako wakiomba mpira, hawakuibii sifa. Wanaomba nafasi ya kusema katika sentensi ambayo wewe ndiwe nomino yake. Wape, nayo sentensi itakamilika.