Droni ya arusi: ruhusa kwanza, na jirani pia

Kwenye arusi, kwenye kiwanja cha kuuzwa, kwenye shamba la kahawa, picha ya kutoka juu inaleta franga. Lakini huku mashariki mlio wa droni una historia yake. MONUSCO ilirusha za kwake za kwanza Goma mwezi wa 12 mwaka 2013, na leo kuna droni zinazobeba mabomu. Mtu akisikia ule mlio juu ya nyumba, haulizi kama kuna arusi. Anaita watoto ndani.

Ndiyo maana karatasi si mambo ya Kinshasa tu. Mambo ya anga yanasimamiwa na AAC, na ruhusa inatafutwa mbele ya kurusha. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Kule, mpiga picha asiye na karatasi anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi, zaidi akiwa karibu na kambi ao uwanja wa ndege.

Halafu kuna jirani. Katiba, kipengele cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Mabafu mengi ya mitaani iko nje, bila bati juu. Kamera ikipita, mama anayeoga ameonekana.

Kumwambia shefu wa avenue na majirani siku moja mbele, kubakia juu ya kiwanja cha mteja, kufuta picha za wengine: hiyo yote ni kazi, na iingie katika bei. Mteja asiyetaka kungojea ruhusa anamwachia mpiga picha hatari yote peke yake.