Kigugumizi si Ujinga

Sisi watu wa pwani twapenda sana ulimi. Mtu hupimwa barazani kwa namna anavyosema: aitikie vipi salamu, afumbe vipi fumbo, atoe vipi hoja kabla kahawa haijapoa. Arusini hutakwa msemaji, matangani hutakwa msemaji, hata posa haiendi bila ya mzee mwenye maneno. Hilo ni jema, na ni katika fahari ya lugha yetu. Lakini lina upande wa pili ambao hatuutaji: twamfanyia nini mtoto ambaye ulimi wake umefungika?

Maoni yangu, nami nayatoa nikiwa mtu niliyekua na kigugumizi, ni kwamba twamdhulumu. Twamcheka, twammalizia maneno yake, kisha twamhesabu katika wajinga. Na kwa kufanya hivyo twamkosesha kitu ambacho kingemfaa mno, nacho ni kitabu.

Kwanza tuondoe dhana. Kigugumizi si uvivu, si utovu wa akili, wala hapana haja ya kumsingizia jini. Wataalamu wa usemi wasema kwamba kiasi cha watoto 5 katika kila 100 hupatwa nacho wakati fulani, aghalabu baina ya umri wa miaka 2 na 5. Wengi huwatoka, katika watu wazima hubaki kiasi cha mtu 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Mara nyingi huandama ukoo, na asili yake imo katika jinsi ubongo unavyouendesha usemi. Hofu siyo inayokianzisha, bali hukizidisha. Kwa hiyo mwenye kumshtua mtoto au kumchapa ati ulimi ufunguke, huwa anatonesha kidonda.

Mimi maneno yaliyonishinda yalikuwa yale yaanzayo kwa k na kwa b. Nikitumwa dukani kununua kibiriti, nilisema, "Nipe cha kuwashia moto." Baba yangu nilimwita "mzee", na watu wakaisifu adabu yangu, kumbe ni neno "baba" lililokataa kutoka. Kila mwenye kigugumizi aijua hila hii ya kulikimbia neno na kulitafutia badala. Lakini hila yenyewe yataka akiba kubwa ya maneno, na akiba yangu niliipata vitabuni. Niliisoma kamusi kama wenzangu walivyokusanya gololi. Nikajua kwamba karamu ni dhifa, kwamba kisa ni hadithi, na bahati ni nasibu, tena ni sudi. Nilikuwa natafuta pa kujificha, na huko huko nikaingiwa na mapenzi ya lugha.

Hata hivyo mlango wa kwanza ulifunguka chuoni, zamani kabla ya kamusi. Tuliposoma juzuu sote kwa sauti moja, tukimfuata maalim, ulimi wangu ulikwenda sawa na za wenzangu. Nikiitwa peke yangu, ulikwama. Nilidhani ni ajabu yangu mimi tu, hali ni jambo linalojulikana sana: wengi wenye kigugumizi hutamka bila ya taabu wanaposoma pamoja na mtu mwingine, au wanapoimba. Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu, nami nimeona kwamba hata neno lataka mafya yake.

Ndivyo zilivyonifaa tenzi pia. Nyumbani ulikuwa ukisomwa Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia ambao mama yule wa visiwa vya Lamu alimtungia bintiye mwaka 1858. Mizani 8 kwa kila kipande, vipande 4 kwa kila ubeti, na kina kile kile kikirejea mwisho wa ubeti. Mwendo huo ulinichukua kama makasia yachukuavyo mashua, na maneno ya k na b yakapita pamoja na mengine bila ya mimi kuyangoja kwa hofu.

Baadaye nikakisoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Humo mshtakiwa aitwaye Karama asimama mbele ya mfalme na madiwani akijitetea kwa maneno matupu, siku baada ya siku. Jina lake laanza kwa k. Kichwani mwangu lilitoka bila ya kukwama hata mara moja. Mtoto ambaye hawezi kuomba kibiriti dukani, akijikuta yumo barazani mwa mfalme akisema kwa ufasaha, hawezi tena kukiacha kitabu.

Lakini si wote waliofika hapo. Shuleni mwalimu mmoja alikuwa na desturi ya kutusimamisha mmoja mmoja tusome kwa sauti, na mwenye kukwama huchekwa na darasa zima. Mimi nilikuwa nimekwisha kisoma kitabu chote kimya kimya, na bado nikaandikwa katika wasiojua kusoma. Mwenzangu aliyekuwa na kigugumizi kama changu alikichukia kitabu kwa sababu ya kicheko kile, akaacha kuja. Alikuwa hodari wa hesabu kunipita.

Najua wako watakaosema, "Akidekezwa hatapata ujasiri, dunia haitamngoja." Hoja hiyo ina uzito, na mimi sisemi mtoto afichwe. Nasema asome na mwenzake kwanza, wawili kwa sauti moja, kisha mwenzake apunguze sauti kidogo kidogo mpaka siku atakapojiona yuasoma peke yake. Akikwama, angojwe. Asiambiwe "tulia" wala "vuta pumzi", wala asimaliziwe neno; atazamwe usoni kama atazamwavyo mtu mwingine yeyote mwenye kusema. Na mzazi ampeleke kwa mtaalamu wa usemi ikiwa yupo karibu, hasa mtoto akiwa bado mdogo.

Katika dini yetu jambo hili lisingekuwa geni. Nabii Musa (A.S.) alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi wake. Hakuambiwa kwamba hafai. Na ni yeye huyo ambaye Waislamu twamwita Kalimullahi, aliyesemezwa na Mwenyezi Mungu. Tena imepokewa na Bibi Aisha (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuisoma Kurani kwa kukwama na kwa mashaka ana ujira mara mbili. Basi vipi chuoni kwetu mwenye ujira mara mbili awe ndiye wa kuchekwa?

Msomaji asidhani kwamba kitabu kilikiondoa kigugumizi changu. Hata leo simu ikilia, na wa upande wa pili akitaka kujua ni nani, hunichukua muda. Lakini tangu utoto sijakaa bila ya maneno, na mtu mwenye maneno hujua kwamba zamu yake itafika.

Kwa hivyo nawaomba maalim wa vyuo, walimu wa shule, na hasa wazazi: katika watoto mlio nao, mtazameni yule anyamazaye. Huenda si mpole wala si mjinga. Huenda ana maneno mengi kuliko wenzake wote, ila hajapata wa kusoma naye. Kaeni naye jioni moja, mfunue kitabu, muanze pamoja.

Wabillahi taufiki.