Mkanda wa Usalama Juu ya Paa: Nani Anunue, na Upi Unafaa

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Tangu wilaya za Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 na majenereta ya dizeli kuzimwa, kazi zinazofanyika juu ya vichwa vya wananchi wa nyanda za juu za Kigoma zimeongezeka kwa namna inayoonekana kwa macho. Nguzo za miti zinasimikwa kuvifuata vijiji. Njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 280, ni kazi ya minara ya chuma tangu mwanzo hadi mwisho. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika maeneo ya vijijini nchini. Yako pia madarasa, mabweni na zahanati, ambavyo vyote havikamiliki mpaka mtu apande kuviezeka.

Taarifa za miradi hii huhesabu kilomita, minara na vyumba vya madarasa. Ni nadra kukuta humo hesabu ya mikanda ya usalama.

Kwa upande wa sheria hakuna utata mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa Tanzania Bara na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kutoa vifaa kinga pale ambapo kazi inamweka mfanyakazi katika hatari, na inamtaka mfanyakazi kuvitumia. Ikitokea ajali, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini fidia hulipwa baada ya mtu kuanguka.

Utata upo katika swali la nani mwajiri. Mkandarasi mkubwa wa njia ya umeme anajulikana, ana ofisi, ana ofisa wa usalama, na wakaguzi wanajua pa kumkuta. Ujenzi wa darasa au zahanati kwa utaratibu wa Force Akaunti ni jambo jingine. Hapo halmashauri, shule au kituo chenyewe hununua saruji, mbao na bati, kisha huingia makubaliano na fundi wa eneo hilo, naye fundi huja na vibarua wake. Utaratibu huu umepunguza gharama na kubakiza fedha kijijini, nao unastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, linapokuja suala la mkanda wa usalama, kamati ya ujenzi humtazama fundi, fundi humtazama kibarua, na kibarua, ambaye analipwa kwa siku, hupanda kama alivyokuja. Mkanda hauwezi kutoka katika ujira wa kibarua. Mahali pake ni katika makisio ya gharama yanayoandaliwa na mhandisi wa halmashauri, katika mstari wake peke yake, kama zinavyoandikwa bati na misumari. Tena mkanda hautumiki mara moja: ukitunzwa vizuri, ule ulioezekea shule moja Kibondo unaweza kwenda kuezekea nyingine, ukabaki mali ya halmashauri.

Baada ya kujua nani anunue, linafuata swali la nini kinunuliwe, na hapa fedha nyingi zinaweza kupotea. Kuna mkanda wa kiunoni, ambao mafundi wa nguzo huuzungusha kwenye nguzo ili mikono yao iwe huru kufanya kazi. Huo ni mkanda wa kumshikilia mtu mahali pake. Haukutengenezwa kumdaka anayeanguka, kwa kuwa nguvu yote ya kuanguka huishia kiunoni, ikaumiza uti wa mgongo na viungo vya ndani, au mtu akachomoka kabisa. Marekani iliacha kuukubali kama kinga ya kuanguka katika ujenzi tangu Januari 1, 1998. Mkanda unaofaa kumdaka mtu ni ule wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani, wenye pete ya kufungia kamba mgongoni, kati ya mabega. Viwango vya Ulaya, ambavyo hukutwa kwenye lebo za mikanda mingi inayoingizwa nchini, huuandika wa kwanza kwa namba EN 358 na wa pili EN 361. Ofisa manunuzi akizikariri namba hizo mbili, atajua anachouziwa hata kama muuzaji hajui.

Mkanda wa mwili mzima peke yake nao hautoshi. Unahitaji kamba yenye kifyonza mshtuko, yaani kipande cha utepe kilichokunjwa na kushonwa, ambacho hufumuka taratibu mtu anapoanguka ili mwili usipokee nguvu inayozidi kilonyutoni 6, sawa na uzito wa takriban kilo 600. Kamba hiyo pamoja na kifyonza chake huwa na urefu usiozidi meta 2. Kifyonza kinaweza kufumuka hadi meta 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo kuna kama meta 1.5. Ikiongezwa meta 1 ya tahadhari, jumla ni meta 6.25 za nafasi tupu chini ya mahali kamba ilipofungwa.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa Kasulu na Kibondo, ambako majengo mengi ya umma ni ya ghorofa moja. Ukingo wa paa la darasa uko meta 3 hivi kutoka ardhini. Fundi aliyevaa mkanda ghali wa mwili mzima na kamba ya meta 2 atafika chini kabla kifyonza hakijamaliza kufumuka. Kwenye paa la namna hiyo, njia sahihi ni kamba fupi iliyopimwa ili fundi asiweze kuufikia ukingo, na kwa kazi za ukingoni, jukwaa imara lenye reli za kuzuia. Kwa maneno mengine, kwa darasa la kawaida ni bora fedha zitangulie kwenye jukwaa, na mikanda ifuate.

Kamba inafungwa wapi? Kiwango kinachotumika sana kinataka mahali pa kufungia pahimili kilonyutoni 12, takriban kilo 1,200. Ubao uliopigiliwa kwa misumari miwili asubuhi ile ile hauna uwezo huo, wala bomba la mvua. Afadhali kamba izungushwe kwenye lenta ya zege iliyokwisha kukomaa, au kwenye kenchi iliyofungwa barabara kwenye ukuta, na ikingwe isikwaruzwe na kingo za bati.

Warina asali wa Kibondo wanaweza kuchangia jambo katika mjadala huu. Mizinga ya asili hutundikwa juu ya miti ya miombo kuikinga na nyegere na moto, na mrinaji huikwea kwa kamba, mara nyingi usiku. Mzinga wa kisasa unaweza kuwekwa kwenye kichanja kifupi, na hatari ya kupanda ikaondoka yote. Wataalamu wa usalama hutanguliza swali hilo hilo kabla ya mkanda wowote: je, kazi hii haiwezi kufanyika chini? Kenchi huweza kuunganishwa ardhini na kupandishwa ikiwa nzima.

Mkanda ulionunuliwa ukaguliwe kila kabla ya kuvaliwa: nyuzi zilizokatika, mishono iliyofumuka, rangi iliyopauka kwa jua, madoa ya saruji au tindikali, kutu kwenye ndoano. Lebo isiyosomeka ni sababu ya kutosha kuuweka kando, na mkanda uliokwisha kumdaka mtu hautumiki tena, hata ukionekana mzima.

Limebaki la uokoaji, ambalo halimo katika makisio yoyote na halihitaji fedha nyingi. Mtu aliyedakwa na mkanda akaning'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni, na anaweza kupoteza fahamu katika dakika chache. Gari la wagonjwa kutoka mjini haliwezi kufika shule ya kijijini ndani ya muda huo. Kwa hiyo asipande mtu akiwa peke yake, na ngazi inayofikia juu iwepo kando ya jengo, pamoja na mtu aliyekwisha kuonyeshwa namna ya kuitumia, kabla bati la kwanza halijapandishwa.