Nailoni ya milioni kwenye gari la namba E

Mimi mwenzenu bado napumua hapa Tunduma, mji ambao hata jogoo akichelewa kuwika, honi ya semi-treila itakuamsha. Wiki hii naomba niwasimulie kasheshe ya nyumbani kwetu. Na kasheshe yenyewe imeletwa na nailoni. Ndiyo, nailoni!

Basi bwana, kaka yangu kanunua gari. Miaka sita anauza vitenge sokoni, anakula maharage kwa mpango na kuvaa viatu vilevile, hadi tukadhani kapatwa na jambo. Kumbe mwenzetu anaweka mshiko. Mwezi uliopita ikaingia Toyota IST nyeusi, ya mwaka 2008, namba E. Mtaa mzima ukatoka nje.

Si mnajua kwetu Bongo gari jipya ni lenye namba mpya. Kwamba Mjapani kaliendesha mpaka kalichoka, hilo halituhusu. Serikali yenyewe inaanza kulitoza ushuru wa uchakavu likifikisha miaka 8, lakini sisi huku tunapiga vigelegele kama limetoka kiwandani jana!

Sasa lile gari lilikuja kwa barabara kutoka bandarini Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 900 mpaka hapa mpakani: unapita Mikumi, unapanda Kitonga, unatafuta Makambako, halafu Mbeya, ndipo unaingia Mlowo na Vwawa. Njia nzima unaongozana na malori ya Zambia na Kongo, na kila lori lina kokoto zake kwenye matairi. Dereva alipolifikisha, kaka akalizunguka mara mbili. Mara ya tatu akachuchumaa mbele ya boneti. Palikuwa na vidoti vitatu vidogo, kila kimoja kama punje ya mtama, rangi imeruka. Akavipapasa kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto.

Siku hiyo hakula, kweli tena.

Hapo ndipo akatokea mshikaji mmoja kutoka Mbeya. Kijana mtanashati, simu mbili, anabandika urembo wa magari. Akamwambia kaka: "Bro, dawa yake ni PPF."

Jirani yetu mzee mmoja mstaafu alikuwa amekaa kibarazani na kahawa yake. Aliposikia PPF akanyanyua kichwa. "PPF? Mbona ule mfuko wa pensheni uliunganishwa na wenzake mwaka 2018, ikawa PSSSF? Au wamerudisha?" Tulicheka mpaka machozi. Mshikaji akamfafanulia: "Hapana mzee, shikamoo kwanza. Hii ni nailoni ya kulinda rangi ya gari." Mzee akaitikia marahaba, akarudi kwenye kahawa yake. Kwa sauti ya chini akasema, "Bora ile ya kwangu. Hiyo yenu inaweka akiba ya rangi."

Msomaji, usimcheke mtu akikutajia kitu hiki, kipo na kina kazi yake. Kama una simu unajua protekta. Sasa fikiria protekta ya gari. Ni ngozi angavu ya plastiki laini inayovutika, unene wake kama sehemu ya tano ya milimita. Utasema ni kidogo, lakini rangi yote ya gari, ya chini, ya kati na ile ya kung'aa ya juu, kwa kawaida haifikii hata unene huo. Kokoto ikija kasi, ile ngozi inabonyea na kuumeza mshindo kabla haujafika kwenye rangi. Na zile nzuri zina maajabu: ukizikwaruza kidogo, jua kali au maji ya moto yanafuta mkwaruzo wenyewe.

Chimbuko lake ni vitani. Wamarekani walipokuwa wanapigana kule Vietnam, mchanga ulikuwa unakula mapanga ya helikopta zao, wakatafuta utepe wa plastiki ngumu wa kuyavika. Baadaye watu wa magari ya mashindano wakaudandia, na leo umefika Mbeya.

Kaka akauliza bei. Boneti, bampa la mbele, fenda mbili na saitimira: milioni moja na laki mbili. Mimi nikakohoa. Kaka hakukohoa! Macho yake yalikuwa kwenye vile vidoti vitatu.

Sasa hapa ndugu msomaji inabidi nikiri, maana safu hii tumezoea kuambiana ukweli. Yule mshikaji alinivuta pembeni. "Dogo, wewe si ndiye unayeandika gazetini? Mshawishi braza, asilimia kumi yako." Nikapiga hesabu haraka, ile hesabu ya kidato cha nne iliyonitoa jasho: laki moja na ishirini elfu! Mhariri wangu samahani sana, lakini kwa malipo ya safu hii, fedha hiyo ni ya kuandika mpaka vidole vipinde.

Kwa hiyo jioni ile nikageuka wakili wa nailoni. Nikamwambia kaka gari jeusi linaonyesha kila doti. Nikamwambia kuzuia ni bora kuliko kutibu. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema polepole: "Na ada ya mdogo wenu?"

Pale ndani pakawa kimya.

Mdogo wetu wa kike anasoma uuguzi. Ada ya muhula iliyobaki ni laki nane, na kaka ndiye aliyeahidi, kwa mdomo wake, mbele ya baba mdogo. Baada ya kununua gari alibaki na milioni moja na laki sita. Toa nailoni, zinabaki laki nne. Kaka akasema gari litaanza kubeba vitenge kwenda Vwawa na Mlowo, hela itarudi, ada italipwa mwezi ujao. Mama hakujibu, aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mimi nikaangalia pembeni, maana laki na ishirini zangu zilikuwa zimekaa katikati ya sentensi ile.

Usingizi ulinipaa. Asubuhi nikamwambia kaka: kabla hujatoa hela, twende tukamwone mzee mmoja upande wa Mpemba, fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi. Amepiga rangi magari tangu sijazaliwa.

Tukamkuta chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba. Hakuuliza mengi. Akaingia kibandani, akatoka na sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaifunga kitambaa laini. Akaanza kuitembeza kwenye gari. Mlangoni, ta! Imenasa. Kwenye boneti, ta! Imenasa. Fenda ya kulia, juu kidogo ya tairi, ikateleza na kuanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Akafika kwenye bampa, ikaanguka pia, kaka akashika kichwa. Mzee akacheka: "Mwanangu, bampa ni plastiki, haishiki sumaku hata likiwa jipya. Lakini hii fenda ni bati. Hapa chini kuna puti. Gari lilishagongwa, likanyooshwa, likapigwa rangi upya."

Akatuinamisha tuiangalie boneti kwa pembeni, dhidi ya mwanga wa jua. Na yenyewe ilikuwa na vipele kama ganda la chungwa, tofauti na mlango. Bati lake lilikuwa zima, lakini rangi ilikuwa ya pili.

"Sasa sikilizeni," mzee akasema. "Ile nailoni ina gundi. Kwenye rangi ya kiwandani gundi inashika na siku ya kutoa inaachia, kwa sababu rangi ile imeokwa kwa moto. Hii ya kupigwa mtaani hujui ilisuguliwaje chini. Siku ukibandua nailoni, inaweza kuondoka na rangi. Umetoa milioni kulinda rangi, halafu ulinzi wenyewe ndio unaichuna!"

Akaongeza na mengine. Nailoni haizuii bati kubonyea. Lori likikukwangua kwenye foleni ya hapa mpakani, haisaidii kitu, hapo ni bima kubwa ndiyo inayozungumza. Halafu kuna nailoni za bei poa ambazo si ile plastiki inayovutika. Zinakuwa njano juani, zinakauka na kupasuka. Na kingo zake zikianza kuinuka, vumbi letu hili jekundu linaingia chini. Unapata mstari mwekundu kuzunguka boneti, kama mtu aliyekunywa juisi ya rangi bila kufuta mdomo. Vijana wa kuosha magari wakiisogelea kingo na ule mpira wa maji ya kasi, ndio kwisha habari.

Kaka akauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo mzee, kitu hiki ni utapeli?"

Mzee akatikisa kichwa. "Si utapeli. Nani anaihitaji, hilo ndilo swali." Akahesabu kwa vidole. Mwenye gari jipya kweli, la kutoka kiwandani, rangi haijaguswa. Mwenye kukaa nalo miaka mingi, si wa kuuza mwakani. Mwenye kukimbia barabara kuu kila wiki nyuma ya malori. Na mwenye hela ambayo haina kazi nyingine. "Ukiwa na vyote vinne, weka, na weka mbele tu, ndiko mawe yanakopiga. Ukikosa kimoja, fikiria. Ukikosa viwili, nenda kalale."

Kaka alikuwa na kimoja tu. Barabara.

Halafu mzee akafanya kitu ambacho yule mtanashati wa simu mbili hakukifanya. Akainama kwenye tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya kwetu ilisomeka 3115. Yaani wiki ya 31 ya mwaka 2015! Tairi lenye umri wa mtoto wa shule ya msingi, lina nyufa kama kisigino cha kiangazi, na ndilo lililotoka Dar likateremka milima yote ile. "Nyie mnalilia doti," mzee akasema, "mauti mnayakanyagia."

Nilisikia baridi, kweli tena.

Tulirudi bila kuongea. Kaka akaegesha, akazima, akakaa ndani muda mrefu. Halafu akaniambia: "Dogo, yule jamaa alikuahidi ngapi?" Kumbe alijua! Kaka ni mfanyabiashara wa soko la mpakani, anabadili kwacha tangu mimi nina kamasi, angeachaje kujua? Nikamtajia. Akanitazama kwa muda. "Ungeniambia tangu jana ningekupa hamsini mwenyewe." Ningefurahi angenizaba kibao kuliko maneno yale.

Basi hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Ada laki nane, imelipwa, na risiti Mama kaifungia kwenye pindo la kanga. Matairi manne mapya, laki nne na themanini. Iliyobaki ni ya bima na mafuta ya safari za kwanza za Mlowo. Vile vidoti vitatu tulivitibu kwa rangi ya kopo dogo na brashi nyembamba, maana doti ikiachwa wazi ndiyo kutu inapoingilia. Kwa Toyota, namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, mbele ya herufi C/TR. Mwambie muuza rangi namba hiyo, usimwambie "nyeusi", maana nyeusi ziko nyingi. Kwa kuwa boneti ilishapigwa rangi mtaani, haikufanana sawasawa, lakini sharti usogee sana ndipo uone.

Na dawa ya bure? Usimng'ang'anie lori mgongoni. Na ukiosha gari, mwagia maji kwanza vumbi lote litoke, ndipo upitishe kitambaa. Mikwaruzo mingi ya magari yetu hailetwi na barabara, tunaipiga wenyewe kwa kitambaa chenye mchanga na sabuni ya unga.

Ila ndugu zangu, sisi na nailoni tuna mambo. Nani kati yenu nyumbani kwao rimoti haijavikwa mfuko? Sofa nailoni ya dukani, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa usikae, subiri mgeni. Glasi nzuri ziko kabatini tangu harusi ya shangazi. Tunalinda vitu mpaka vinazeeka bila kutumika. Pale Mbozi kuna Kimondo, chuma cha zaidi ya tani 10 kilichotoka angani. Hakina nailoni, watu walishakikata vipande, na bado watalii wanalipa kiingilio wakione!

Mshikaji wa Mbeya haninisalimii tena. Wiki iliyopita tulipishana kituoni akaangalia simu, zote mbili. Namwelewa, naye anatafuta ugali, na kazi yake ni nzuri kwa gari linaloistahili.

Jana kaka alimpeleka Mama na mdogo wetu stendi ya Vwawa, chuo kinafunguliwa. Waliporudi boneti ilikuwa na doti ya nne. Nikangoja achuchumae. Akaitazama, akafuta vumbi kwa kidole, akaniambia nilete kopo.