Tulia, Usilale

Nina ugomvi na watu wanaouza utulivu. Wako kwenye simu zetu kila siku: sauti laini, muziki wa mawimbi ya bahari, na ahadi kwamba ukifumba macho dakika kumi ukajiambia wewe ni tajiri, msongo wa mawazo utakwisha. Wanaiita tiba ya hipnosi. Kipindi cha kwanza bure, cha pili unalipia. Ukirudi na wasiwasi wako uleule, wanakwambia hukuamini vya kutosha. Tatizo ni mtazamo wako.

Mimi ni wa Nachingwea, na nusu ya ukoo wetu iko Ruangwa. Huku wasiwasi una kalenda yake. Mikorosho ikianza kuchanua, tunahofia ubwiri unga na kuulizana kama salfa itatosha. Korosho zikianza kudondoka, tunahofia mvua isizikute chini, maana zikilowa zinashuka daraja. Zikifika ghalani, tunahofia mnada. Mnada ukipita, mtu analala na simu kifuani akisubiri ujumbe wa benki. Aliyebanwa na ada au ugonjwa kabla ya hapo ameshauza kangomba, kwa bei ya kutupa. Haya, mwambie huyo kwamba tatizo ni mtazamo wake.

Kumbuka msimu wa 2018. Wanunuzi walipotoa bei ya chini, mwezi Novemba Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kisha ukaja uhakiki, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Wasiwasi wa msimu ule haukuota wenyewe vichwani mwa watu. Ulitokana na orodha, foleni na ukimya. Mtu anayeteswa na ukimya anahitaji jibu, si muziki wa mawimbi.

Nisieleweke vibaya. Hipnosi yenyewe naitetea, na ninaitumia karibu kila usiku. Si uchawi, wala hakuna jini anayefunguliwa mlango, ingawa nimewasikia waumini wa pande zote wakisema hivyo. Aliyelieneza jina hilo ni James Braid, daktari mpasuaji kutoka Scotland, katika miaka ya 1840, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina halifai, kwa sababu anayefanyiwa halali kama tunavyolala usiku. Akili yake imekaza juu ya wazo moja, na mengine yamesogea pembeni. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikubali kwamba njia hii ina nafasi yake katika tiba. Leo hutumika kupunguza maumivu, hofu kabla ya upasuaji, na wasiwasi wa kila siku.

Na wala huhitaji kuinunua. Kaa mahali ambapo hutaanguka wala kuungua, na usijaribu ukiwa juu ya pikipiki. Kazia macho kitu kimoja mpaka kope ziwe nzito, kisha yafumbe. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Hesabu kutoka kumi kurudi moja, na kwa kila namba legeza sehemu moja ya mwili: taya, mabega, mikono, tumbo. Ukifika moja, jione mahali unapopajua na kupapenda. Jiambie sentensi moja, fupi na ya kweli. Kisha hesabu moja mpaka tano, fumbua macho. Ni hayo tu. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyefikia kuwaza kujiua, asiachiwe zoezi hili kama tiba. Aende hospitali, na aende na mtu.

Nimesema sentensi ya kweli, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Shangazi yangu anauza chakula Ruangwa. Alichukua mkopo wa kausha damu, ikafika mahali kila siku ya rejesho moyo unamdunda tangu alfajiri, mikono inatetemeka, chumvi anatia mara mbili. Kwenye simu alikuwa na sauti aliyotumiwa na mteja, ikimfundisha kurudia kwamba pesa zinamfuata.

"Shangazi, samahani," nilimwambia, "lakini hata mwili wako unajua hilo si kweli."

"Sasa mwanangu niseme nini? Kwamba nadaiwa?"

"Ndiyo. Useme hivyohivyo."

Tukatunga yake: nadaiwa, na mikono yangu imetulia. Akaifanyia kazi kila alfajiri kabla ya kuwasha moto. Baada ya majuma mawili aliweza kukaa na daftari bila kulia. Tulipojumlisha, tukakuta ameshalipa mkopo wote na zaidi ya nusu yake tena, na riba bado inakimbia. Akawatafuta wenzake wanne wenye deni kama lake, wakaenda kwa mkopeshaji pamoja na mtendaji wa kata. Deni halikufutwa. Lilipangwa upya, na adhabu ya kuchelewa ikaondolewa. Hipnosi haikumlipia hata shilingi moja. Ilimrudishia mikono yake, na kwa mikono hiyo akashika kalamu.

Nachingwea inajua vizuri matokeo ya kujirudia maneno matamu bila kutazama ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilileta hapa mradi wake mkubwa wa karanga, kama ilivyofanya Kongwa na Urambo. Wakubwa wa London walijiaminisha kwamba matrekta na matumaini vingetosha. Mvua na udongo havikuwasikiliza. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na reli iliyofika mpaka kwetu ikaja kung'olewa. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba karanga zilikosa mtazamo chanya. Mkulima anaambiwa hivyo kila siku.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. La kwanza, zoezi hili lifundishwe bure, kwenye zahanati, shuleni na kwenye vikao vya vikoba, kama tunavyofundishwa kunawa mikono. La pili, anayelifundisha asimzuie mtu kuuliza nani anamdai, kwa riba gani, na malipo yake yamekwama kwenye meza ya nani.

Nawe kijana uliyesoma, unayemtumia shangazi yako sauti hizo usiku kwa nia njema, acha. Nenda ukakae naye. Mhesabie kumi mpaka moja, na akifumbua macho, mfungulie daftari.