Digrii ya biashara: kikwazo cha kwanza si ada, ni Hisabati

KILA msimu wa karafuu unapomalizika, mazungumzo kwenye baraza za maduka ya Ole, Wilaya ya Chake Chake, Pemba, hugeukia jambo moja: fedha za msimu ziwekwe wapi. Wapo wanaoongeza bidhaa dukani, wapo wanaotafuta gari la abiria, na wapo wanaoamua kuziweka kwa mtoto ili akasomee shahada ya uongozi wa biashara.

Uamuzi huo wa mwisho ni uwekezaji kama uwekezaji mwingine. Una mtaji, una muda wa kusubiri faida na una hatari ya hasara. Hata hivyo, mfanyabiashara yule yule ambaye hanunui gunia la mchele bila ya kutia mkono ndani, hutenga fedha za shahada bila ya kuuliza masharti yake.

Masharti hayo si siri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka mwombaji aliyemaliza Kidato cha Sita awe na prinsipali mbili, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa maana hiyo D mbili zinatosha, au C moja na E moja, ingawa chuo kinaweza kudai zaidi ya hapo.

Mpaka hapo, kijana aliyesoma mchepuo wa Uchumi, Biashara na Uhasibu ataona mlango uko wazi. Kikwazo kimo katika mstari wa chini yake. Vyuo vingi vinavyotoa shahada za biashara vinamtaka mwombaji asiye na prinsipali ya Hisabati awe angalau na D ya Hisabati ya Kidato cha Nne, au ufaulu wa subsidiari katika Hisabati ndogo ya Kidato cha Sita.

D ya Kidato cha Nne huanzia alama 30 kati ya 100. Si mlima mrefu, lakini wengi hawaupandi. Katika mtihani wa mwaka 2022, ni kiasi cha mtahiniwa 1 tu kati ya 5 nchini aliyefaulu somo hilo.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mzazi anauza karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya chini kuliko ambayo angepata kwa karafuu kavu, ili ada iwe tayari mapema. Matokeo ya Kidato cha Sita yanatoka, mtoto ana pointi zake 4 au 5, na nyumba nzima inashangilia. Maombi yanapopelekwa chuoni, yanarudi kwa sababu ya F moja iliyopatikana miaka 2 nyuma. Karafuu zimekwisha kuuzwa, nafasi haipo.

Wakulima wa Pemba wanaielewa habari hii kuliko mtu mwingine yeyote. Karafuu ikifika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) ikiwa na unyevu, mwenye mali hujua kuwa kosa halikufanyika kwenye mizani. Lilifanyika juani, kwenye jamvi, siku kadhaa kabla. Chuo nacho ni mizani tu. Mtoto huanikwa skuli.

Tuchukue hesabu ya muda. Kijana anayetoka Kidato cha Nne, akasoma miaka 2 ya Kidato cha Tano na cha Sita, kisha shahada ya miaka 3, hutumia miaka 5. Anayepitia cheti mwaka 1, stashahada miaka 2 na shahada miaka 3, hutumia miaka 6. Anayemaliza Kidato cha Sita, akakwama na kurudi kwenye stashahada ya miaka 2 kabla ya shahada, hutumia miaka 7. Tofauti ya miaka 2 kati ya wa kwanza na wa mwisho ni chakula, chumba na nauli ya boti. Vyuo kama Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, na skuli ya biashara ya SUZA huko Chwaka, viko Unguja na si Pemba.

Njia ya stashahada si ya aibu. TCU inaitambua kwa mwenye wastani wa GPA usiopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne. Lakini iwe ni njia iliyochaguliwa, si njia ya kukimbilia baada ya mlango kufungwa.

Wapo wanaosema sharti la Hisabati liondolewe, kwani wazee waliendesha maduka na majahazi bila ya cheti. Hoja hiyo haina uzito. Wazee hao walikuwa na hesabu kichwani kuliko wahitimu wengi. Isitoshe, shahada ya uongozi wa biashara yenye krediti 360 imejaa uhasibu, takwimu na usimamizi wa fedha. Asiyeweza kukokotoa riba atakwamia humo ndani, na hapo ada itakuwa imekwisha kulipwa. Sharti hilo, kwa hakika, linamlinda anayelipa.

Kinachostahili kulaumiwa ni habari kufika zikiwa zimechelewa. Masharti ya vyuo yanapaswa kusomwa kwenye mikutano ya wazazi mtoto akiwa Kidato cha Pili, si siku ya kujaza fomu za chuo. Wakati huo fedha kidogo za masomo ya ziada ya Hisabati zinaweza kuokoa misimu miwili ya karafuu. Kwa aliyekwisha kukosa D, kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea ni nafuu kuliko kuanza stashahada, mradi chuo kinachokusudiwa kiulizwe kwanza.

Wala mkopo usitegemewe kuziba pengo hilo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, humkopesha aliyepata nafasi ya masomo. Aliyekosa nafasi hana cha kuombea.

Wafanyabiashara wa Ole wanashauriwa waanze na kilicho karibu. Daftari la duka apewe mtoto jioni: afunge mauzo, atoe gharama, atafute faida kwa asilimia, na akikosea arudie. Hiyo ni Hisabati, na haina ada. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Fedha za shahada nazo ni mali, na daftari lake hufunguliwa Kidato cha Pili.